Matundu ya Chini Kushoto

Sofia, 12 Oktoba 2000

Mwalimu Zhechko,

Shikamoo, wewe na mama Yordana. Nimepiga simu mara tatu wiki hii. Kila mara mama anapokea, anapaza sauti, "Ni Nevyana, wa klabu ya shabaha!" nami nakusikia kwa mbali ukimjibu, "Mwambie kuni tumeshapata!" Basi nimeona nishike kalamu. Masikio yako uliyaacha kwenye uwanja wa shabaha, na mmoja wa waliokupigia kelele kwa miaka ni mimi.

Naandika kwa shida ya kikazi. Jeshi linataka bastola mpya, nami nimetiwa kwenye tume ya watu saba ya kuichagua. Mwanamke ni mimi peke yangu. Meza yetu ina bastola tatu, na ugomvi wote ni juu ya unene wa risasi. Ya kwanza ni ile ile tuliyokulia nayo, milimita tisa fupi. Sisi twaiita Fupi. Ya pili ni milimita tisa ndefu, wanayotumia wenzetu wa Magharibi tunaotaka kuungana nao. Hiyo ni Ndefu. Ya tatu ni nene, milimita kumi na moja na ushei. Hiyo tunaiita Kumi na Moja, na ndiyo anayoitaka mwenyekiti wetu, Jenerali Parushev.

Swali langu ni hili: askari mwenye mkono mdogo, na bastola inamruka mkononi kila akifyatua, unamsaidiaje? Hapa wananijibu, "Afanye mazoezi ya mikono." Wewe ulikuwa na majibu mengine.

Nimeambatanisha karatasi ya shabaha ya askari mmoja. Risasi kumi za Kumi na Moja, mita kumi na tano. Jina lake si muhimu. Niambie unaona nini.

Mwanafunzi wako,
Kapteni Nevyana Toteva


Tryavna, 20 Oktoba 2000

Nevyana,

Marahaba. Yordana amenisomea barua yako kwa sauti kubwa hadi jirani akaja kuuliza nani amefariki. Mwisho nikamnyang'anya nikaisoma mwenyewe.

Umeniuliza, basi kaa chini usikilize. Bastola haishindwi kwa misuli. Ishike juu, juu kabisa, ile nyama kati ya gumba na kidole cha shahada ijae mpaka chini ya mkia wa chuma ulioko nyuma ya mpini. Ukiishika chini unaipa nafasi ya kukupinda kifundo. Mkono wa kushoto uzibe pengo lote lililobaki. Mwili uegemee mbele, kama unasukuma gari lililokwama kwenye theluji. Halafu iache iruke. Umesikia? Iache. Anayepigana nayo ndiye anayekosa. Ukiishika vile vile kabla na baada, itaruka na kurudi mahali pake yenyewe.

Kuhusu unene: Fupi ni ndogo lakini ina hasira, kwa sababu mtutu wake umekazwa, hausogei, na msukumo wote unakuja mkononi. Ndefu ina nguvu zaidi, ila mtutu wake unasogea kidogo na kumeza sehemu ya msukumo, kwa hiyo mkono hauchoki upesi. Kumi na Moja inasukuma kama ng'ombe: polepole, lakini ng'ombe ni ng'ombe. Tena mpini wake ni mnene, na risasi zinazoingia ni chache. Kwa jitu ni sawa. Jeshi lako ni la majitu?

Sasa karatasi. Matundu yote yako chini kushoto. Huyo anatumia mkono wa kulia, na mkono wake unashtuka kabla ya mlio. Haogopi kukosa, anaogopa kuumia. Nusu nukta kabla ya risasi kutoka, anaisukuma bastola chini kuizuia isiruke. Hilo nimeliona mara elfu.

Lakini kuna jambo limenikera. Mwoga wa kawaida hutawanya. Huyu anakosea mahali pamoja, matundu kumi unayafunika kwa kiganja. Mtu huyo aliwahi kufundishwa, tena vizuri. Ni nani?

Mpe dawa hii: mtu mwingine amjazie magazini ya bastola, achanganye risasi hai na risasi bubu bila kumwambia ipi ni ipi. Ikifika bubu, bastola haitalia, na mwenyewe ataona mkono wake unavyofanya. Dawa hiyo inatia aibu. Ndiyo maana inaponya.

Z. Karaivanov, sajinimeja mstaafu


Sofia, 3 Novemba 2000

Mwalimu,

Ahsante. Nimeipiga chapa sehemu ya mshiko nikaigawa kwenye tume. Meja Kotsev, katibu wetu, alisoma mpaka kwenye ng'ombe akaniuliza kama mwandishi ni daktari wa mifugo.

Jumanne tulikaa tena. Jenerali Parushev alisimama na Kumi na Moja mkononi. "Mtu ukimpiga na hii," akasema, "anakaa chini. Ukimpiga na tisa, anakuuliza saa ngapi." Wakacheka wote.

Nikasema, "Na ukimkosa, Jenerali?"

Kotsev akadakia, "Wanaokosa tunawapeleka jikoni, Kapteni."

Wakacheka tena, nami nikatabasamu. Nimechoka na tabasamu hilo, Mwalimu. Nimelivaa miaka kumi na miwili kama sehemu ya sare.

Unajua majaribio yanafanywa na nani? Vijana wanne wa kikosi maalumu, mikono kama majembe. Wamepiga Kumi na Moja kama wanakung'uta zulia. Matokeo yao ni mazuri, na ndiyo yatakayoandikwa kwenye ripoti. Januari tutasaini sote saba. Hakuna aliyesema uongo. Wamechagua tu nani apige.

Yule askari nilimpa dawa yako. Karani wa ghala alimjazia. Risasi bubu zilikuwa tatu kati ya nane. Mara zote tatu bastola ilikaa kimya, na mara zote tatu mdomo wa mtutu ulichovya chini kama ndege anayekunywa maji. Sikuwahi kujua kwamba mkono unaweza kumficha mtu siri yake mwenyewe. Alirudia siku nne. Hakupona. Umri wake si wa kuanza upya. Je, kuna dawa nyingine?

Umeniuliza ni nani. Ni askari tu.

Nevyana


Tryavna, 10 Novemba 2000

Mwanangu Nevyana,

Ni mimi Yordana. Zhechko ameenda kwa kinyozi, naandika haraka.

Nakuomba usimwandikie tena habari za bastola. Najua huna nia mbaya. Lakini tangu barua yako ya pili ije, hali chakula vizuri. Nimempikia maharagwe kwenye chungu, anayotaka yeye, ameyageuzageuza akasukuma bakuli. Juzi ameshusha lile sanduku la bati juu ya kabati. Nilidhani alishalitupa. Anatoa ile kadi ya shabaha ya yule askari Lyuben, anaitazama, anairudisha.

Miaka saba nimejitahidi mtu huyu asahau. Alipostaafu watu walisema ni masikio. Mimi najua si masikio.

Mwandikie habari za hali ya hewa. Mwandikie umepata mchumba, hata kama si kweli.

Mama yako,
Yordana

Usimwambie nimekuandikia.


Tryavna, 2 Desemba 2000

Nevyana,

Barua yako sikuijibu, nawe wiki nne umenyamaza, hata simu hujapiga. Wewe si mtu wa kunyamaza, kwa hiyo nikamuuliza Yordana, naye akaanza kukwangua sufuria iliyokuwa safi. Nimeishi naye miaka arobaini na moja. Nimejua.

Usimkasirikie. Wala usiniandikie hali ya hewa, ninayo dirishani.

Nitakueleza ya Lyuben, maana umeyagusa bila kujua, na ni afadhali uyapate kwangu.

Mwaka 1993, mwezi wa Machi, nilipewa vijana arobaini niwapimie shabaha kabla hawajapelekwa kulinda maghala. Mambo yalikuwa yamevurugika, unakumbuka, watu walikuwa wanaiba hata nyaya za reli. Risasi za mazoezi nilipewa sita kwa kila mtu. Sita! Kamanda akaniambia, "Karaivanov, Ijumaa nawataka arobaini, sitaki thelathini na tisa."

Koplo Lyuben Vitanov wa Dryanovo alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Miaka ishirini na miwili, mpole, mcheshi, anaimba vibaya. Alipiga sita, zote chini kushoto, mbili hazikugusa hata karatasi. Nilisimama ubavuni pake nikamtazama uso, siyo shabaha. Alikuwa anafumba macho. Kila risasi, macho yote mawili.

Nikamwambia, "Vitanov, unafumba macho."

Akacheka. "Nikiyafumbua nayo inalia vile vile, Sajinimeja."

Nami nikacheka. Nilikuwa nimesimama kwenye baridi tangu asubuhi, nimechoka, masikio yanavuma. Nikaichukua kadi yake nikaandika: Amefaulu. Nikasaini. Nikajiambia atazoea kazini.

Wiki kumi na moja baadaye, jioni, watu wawili waliruka ukuta wa ghala. Mmoja alimfuata na nondo. Kati yao hatua nne, Nevyana. Nne. Lyuben alifyatua mara nne, na risasi zote nne walizikuta ardhini mbele ya mahali aliposimama yule mtu. Zimepangana vizuri. Chini kushoto.

Lyuben alifariki hospitalini siku ya pili.

Waliofanya uchunguzi waliniuliza kama alikuwa amefaulu mtihani wa shabaha. Nikasema kadi inasema hivyo. Wakaandika: bastola ilikuwa hafifu, risasi nyembamba, haikumtisha mshambuliaji. Mpaka leo nasikia kisa hicho kinatajwa kama sababu ya kutaka risasi nene zaidi. Labda hata Jenerali wako amekisikia. Mtu anakufa kwa sababu hakufundishwa, na wenye vyeo wanalaumu milimita.

Sasa na wewe. Yule askari ni wewe. Nilijua tangu karatasi ya kwanza, nikajifanya sijui kwa sababu nilitaka uniambie mwenyewe. Nani mwingine Sofia nzima anaweza kukosa mara kumi katika duara la kiganja? Nimekufundisha tangu una miaka kumi na sita. Naujua mwandiko wako.

Imeanza lini?

Zhechko


Sofia, 15 Desemba 2000

Mwalimu,

Nimesoma barua yako nikiwa ofisini, nikafunga mlango, nikakaa. Kotsev akagonga, nikamwambia nina mafua.

Imeanza Septemba. Waliniambia nipime Kumi na Moja, na kwa kuwa mimi ndiye bingwa wa zamani, wakaniwekea risasi mia tatu kwa siku moja. Ningeweza kusema sitaki. Lakini wale vijana wanne walikuwa wanatazama, na Kotsev alikuwa ameleta kiti akakaa kama yuko sinema. Baada ya mia na ishirini kifundo changu kilianza kuwaka moto. Baada ya mia mbili nilikuwa nashika kwa meno. Nilimaliza zote. Wakanipigia makofi. Nikaenda msalani nikatumbukiza mkono kwenye maji baridi, nikalia kama mtoto, bila sauti.

Kifundo kilipona kwa wiki tatu. Daktari wa mtaani, si wa jeshi, sikutaka iandikwe. Lakini mkono umekumbuka. Sasa hata Fupi, hata bastola ya klabu ya risasi ndogo kabisa, ile niliyoshindia medali Plovdiv, mkono unachovya. Najua la kufanya. Nimewafundisha watu mia. Nasimama, nashika juu, naegemea mbele, napumua, na mkono unafanya mambo yake.

Ulitaka nikuambie mwenyewe, nami sikuweza. Nilikutumia karatasi yangu kama mtu anayempelekea daktari mkojo na kusema ni wa jirani.

Na nimekasirika pia, nikwambie ukweli. Umejua tangu Oktoba. Wiki nane umenitazama nikivunga.

Ripoti iko tayari. Januari 24 tunasaini. Nikisema Kumi na Moja haifai, wataniuliza kwa nini, na ushahidi ninao mmoja tu: huu mkono. Nikiuonyesha, kiti changu kwenye tume kimekwisha, na kazi yangu ya kufundisha shabaha imekwisha. Nikisaini, nabaki na vyote viwili. Na askari elfu ishirini watapewa kitu ambacho nusu yao watafyatua wakiwa wamefumba macho.

Pole kwa ya Lyuben.

Nevyana


Tryavna, 27 Desemba 2000

Nevyana,

Una haki ya kukasirika. Kasirika, halafu lete barua.

Unangoja nikwambie saini au usisaini. Sitakwambia. Mimi nilisaini, kwa hiyo mdomo wangu hauna uzito hapo.

Nitakwambia la ufundi tu. Usiende kwao na maneno. Ukisema "askari wa kawaida hawaiwezi", watakujibu ni maoni yako, kisha mzaha, kisha chakula cha mchana. Omba risasi. Omba watu wasiochaguliwa, wale wanaovaa bastola kiunoni na hawaipendi. Wapange, wapige bastola zote tatu, risasi ya kwanza na ya pili, na mtu ashike saa. Risasi ya kwanza kila mtu anabahatisha. Ya pili ndiyo inayosema nani ameshika bastola na nani ameshikwa nayo.

Kuhusu mkono wako: miezi mitatu usiguse Kumi na Moja. Anza na bastola tupu, ukiwa umekaa, ifyatue kila siku dakika kumi, sarafu juu ya mtutu, isianguke. Utaona ni upuuzi. Mimi nilifanya hivyo mwaka 1961, baada ya bunduki kunivunja mfupa wa bega, na hakuna aliyejua isipokuwa Yordana, aliyekuwa anaokota sarafu.

Nguruwe tumechinja. Yordana anakuwekea soseji. Anasema anakuomba radhi, halafu anasema haombi radhi.

Zhechko


Sofia, 9 Februari 2001

Mwalimu,

Imefanyika, na nimechoka kiasi kwamba naandika nimelala kwenye kochi na viatu.

Januari 24 waliweka ripoti mezani na kalamu juu yake. Jenerali akasaini, Kotsev akasaini, ikanifikia. Nikasema, "Jenerali, naomba siku moja na risasi mia nne."

"Za nini?"

"Kwa watu wasio wa kikosi maalumu."

Kotsev akasema, "Tumpe, Jenerali. Atuletee kutoka jikoni." Alidhani ananitania. Nikamwambia hilo ni wazo zuri, nikaandika kwenye daftari: mpishi.

Wiki iliyofuata nilikwenda na wanne. Mpishi wa kambi, mama wa watu mwenye mikono ya kukanda unga. Dereva wa gari la maji. Nesi. Karani wa masjala, kijana mwembamba mwenye miwani. Wote kwa kanuni wanavaa bastola wakiwa zamu. Niliwafundisha asubuhi moja tu, mshiko wako na gari lako la kwenye theluji. Kisha wakapiga, Jenerali amesimama nyuma yao na mikono mfukoni.

Kwa Fupi hawakuwa wabaya, ila baada ya risasi ishirini nesi alikuwa anapuliza vidole. Kwa Ndefu walipiga vizuri kuliko zote. Risasi ya pili ilifuata ya kwanza haraka, na karibu. Kwa Kumi na Moja risasi ya kwanza ya mpishi iliingia katikati kabisa. Jenerali akasema, "Si mnaona!" Ya pili ikaingia kwenye mchanga. Ya tatu mchangani. Dereva hivyo hivyo. Karani alipomaliza aliniuliza kwa adabu kama anaweza kurudi kwenye mafaili.

Jenerali akasema, "Hawa hawajazoea. Mtu aliyefundishwa haiwezi kumshinda. Waonyeshe, Toteva."

Ndiyo hapo, Mwalimu. Ningeweza kusema kifundo kinauma. Nilikuwa na sentensi hiyo tayari mdomoni.

Nikamwomba karani ajaze magazini, nane, achanganye bubu. Nikawaambia wote wasitazame shabaha, watazame mdomo wa mtutu. Nikapiga. Ya kwanza ililia. Ya pili ilikuwa bubu, na mtutu ukachovya mbele ya macho yao, kiasi cha kidole kizima. Hakuna aliyecheka. Hata Kotsev. Nikaendelea mpaka zikaisha.

Nikamgeukia Jenerali nikasema, "Mimi nilikuwa bingwa wa taifa mara mbili. Risasi mia tatu za bastola hii, siku moja, zimenifanya hivi tangu Septemba. Naomba iandikwe pamoja na jina langu."

Alitoa mikono mfukoni. Si mtu mbaya, anapenda tu vitu vizito. Akasema, "Kwa nini hukusema?"

Nikasema, "Mngenipeleka jikoni."

Mpishi akasema, "Jikoni kuna nafasi, mwanangu, karibu." Hapo ndipo walipocheka, na mimi nikacheka kweli, mara ya kwanza tangu vuli.

Ripoti imeandikwa upya. Inapendekeza Ndefu. Saini yangu haimo: nimeondolewa kwenye tume kwa sababu za afya, na kuanzia Machi si mwalimu wa shabaha hapa. Barua yao ni ya heshima kabisa.

Soseji zimefika. Mwambie mama nimezila zote peke yangu.

Nevyana


Pleven, 21 Aprili 2001

Mwalimu,

Nimehamishiwa Pleven, ghala la vifaa, niko na mablanketi na nyavu za kuficha magari.

Jana Kotsev alinipigia simu, bila mzaha, sauti imechoka kama yangu. Ununuzi umesimamishwa. Hakuna bastola mpya mwaka huu wala ujao. Si Ndefu, si Kumi na Moja. Watu wataendelea na Fupi mpaka ununuzi utakapotajwa tena. Miezi yote ya tume, na zile risasi zote, na mkono wangu, tumerudi tulipoanzia.

Nilitarajia nitavunja kitu. Nilimwambia, "Haya, Meja, usiku mwema," na ilikuwa saa nne asubuhi.

Lakini kuna jambo. Kamanda wa hapa amesikia kisa cha mpishi na wenzake watatu. Ana askari sitini wa ulinzi, na hakuna wa kuwafundisha. Akaniuliza kama naweza. Nikamwonya kuhusu mkono. Akasema, "Mkono wako siuhitaji, nahitaji macho yako." Nimeanza wiki iliyopita, kwa Fupi ile ile yenye hasira. Nasimama ubavuni mwao, nawatazama uso.

Sarafu inakaa juu ya mtutu, siku nyingine. Siku nyingine inaanguka.

Nevyana


Tryavna, 14 Mei 2001

Nevyana,

Nimesoma barua yako ya Pleven mara nyingi, na ile ya Februari, hasa pale uliposema "iandikwe pamoja na jina langu". Nimezisoma zote pamoja. Jumamosi nikavaa koti la harusi na mazishi, nikachukua kadi kwenye sanduku, nikamwambia Yordana naenda Dryanovo. Akataka kunifuata. Nikamkatalia. Akanifungia maandazi.

Nyumba ya Vitanov iko juu ya kituo cha treni, njia ya mawe. Mlangoni tangazo la msiba la Lyuben bado lipo, na picha yake ya sare. Wanalibandika jipya kila mwaka. Limeandikwa: miaka saba bila wewe. Nilisimama hapo hadi miguu ikaanza kuuma.

Mama yake anaitwa Kera. Ni mdogo wa mwili, amevaa kitambaa cheusi, alikuwa anapanda miche ya pilipili. Nilimwambia jina langu na kazi yangu. Nikamwambia yote, nimesimama, kofia mkononi: risasi sita, baridi, kamanda, macho yaliyofumbwa, neno nililoandika. Nikamwambia bastola haikuwa na kosa, na mwanawe hakuwa na kosa. Nikampa kadi.

Aliitazama. Kisha akaanza kusema. Alisema maneno mengi, Nevyana, mdomo wake ulikwenda na kwenda, mkono mmoja kifuani, nami sikusikia hata moja. Nilisikia mvumo wangu tu. Ningelisikia tusi ningelishukuru. Ilibidi nimkatize, nimwambie, "Samahani mama, mimi ni kiziwi."

Akanitazama kwa namna ambayo sitaki kuieleza. Akaingia ndani, akarudi na penseli na kipande cha karatasi ya mbegu, akaandika amesimama, karatasi ukutani. Nakuandikia neno kwa neno:

"Tangu mdogo alikuwa akifumba macho. Nikipasua kuni, nikimnyoa, hata nikifungua chupa. Ningewaambia, kama mtu mmoja angekuja kuniuliza."

Nikasoma. Alinishika kiwiko akaniingiza jikoni, akaniwekea supu ya majani mwitu na mkate, akakaa ng'ambo ya meza mpaka nikamaliza. Nilipoweka kijiko chini akaichukua tena karatasi ile na kuandika chini yake: "Sasa nenda. Usirudi."

Nikaondoka. Kadi ilikuwa mezani, karibu na chumvi. Hakuniambia niiache, wala hakunirudishia.

Zhechko